Nafasi Moja ya Mawe Mekundu

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Fumbo hili limezunguka katika vyumba vya walimu kwa miaka mingi, na aliyelisimulia mara ya kwanza alikiri kwamba hakuwahi kulifumbua. Kila alipodhani amepata jibu, alikuta nyuma ya jibu hilo kuna mtu aliyeonewa. Basi akaliacha kwa wasikilizaji, nao wakaliacha kwa wengine, hadi likafika hapa.

Palikuwa na shule ya msingi iliyoitwa Mawe Mekundu, mbali kaskazini, katika nchi ambayo serikali huiandika kwenye fomu zake kuwa ni eneo la mazingira magumu. Ilikuwa na madarasa manane na walimu wanne. Mwalimu mkuu alikuwa amestaafu, na wa kumrithi hakuwa ameletwa.

Wa kwanza kati ya wale wanne aliitwa Tallam, naye alijaliwa ulimi. Akisema jambo, hata aliyekuja kumpinga alijikuta akitikisa kichwa kukubali.

Wa pili aliitwa Nasambu, naye alijaliwa jicho. Watoto arubaini wakiitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu, tumeelewa," yeye alimwona yule mmoja aliyechezesha midomo tu.

Wa tatu aliitwa Mutinda, naye alijaliwa kukataa. Si kipaji kinachosifiwa sana. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa "hapana".

Wa nne alikuwa Mghoi, mwakilishi wa chama cha walimu hapo shuleni. Kipaji chake, kama tunaweza kukiita hivyo, kilikuwa kuaminiwa na wale watatu, na hicho ndicho kilichomponza.

Wote wanne waliishi katika nyumba moja ya vyumba viwili, wanawake huku na wanaume kule, wakipika kwa zamu katika sufuria moja. Mwalimu aliyepelekwa huko aliahidiwa kukaa miaka mitano tu, kisha ahamishwe. Nasambu na Mutinda walikuwa katika mwaka wa tisa, Tallam wa kumi, Mghoi wa kumi na mmoja. Binti ambaye Mghoi alimwacha kwao Wundanyi akinyonya sasa alikuwa amejua kuandika, na barua zake zilianza hivi: "Kwa Mwalimu Mghoi." Kila mwaka wanne hao waliomba uhamisho, na kila mwaka jibu lilikuwa mstari mmoja: ombi lako limepokelewa.

Kwa hiyo chama kilipotangaza kwamba walimu wote wa mazingira magumu waweke chaki chini, Mawe Mekundu hawakuhitaji kushawishiwa. Mghoi alifunga kabati la chaki, akafunga madarasa, akavaa funguo shingoni. Mgomo ule ulidumu siku arubaini na tatu, na mara tatu ulikaribia kuvunjika pale shuleni. Sikilizeni jinsi ulivyosimama.

Wiki ya kwanza, afisa wa elimu alifika na lori lenye vijana sita wa kibarua waliokuja kushika madarasa, na askari wawili wa kuwalinda. Tallam akasimama langoni. Hakumtukana mtu. Aliwauliza vijana wale majina yao, mmoja mmoja, na nani aliyewasomesha. Kisha akasema, "Wanangu, leo mnaingia kwa lango hili kuchukua kazi yangu kwa nusu ya mshahara wangu. Kesho atakuja mwingine kuichukua kwa nusu ya wenu. Mimi siwazuii. Nawaonyesha tu njia inakoelekea." Wanne walirudi kwenye lori wenyewe, na wawili waliobaki wakaona haya kubaki. Tallam alitiwa pingu kwa uchochezi. Siku tisa alikaa rumande, na kila asubuhi aliletewa karatasi: aombe radhi na kuwasihi wenzake warudi kazini, atoke saa hiyo hiyo. Hakuitia sahihi. Alitoka na kikohozi ambacho hakijamwacha hadi leo.

Wiki ya tatu, hatari ilitoka kwa wazazi. Mawe Mekundu maji ni kisima kimoja chenye pampu ya mkono, na kisima ni mali ya wenyeji. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Mama Akiru, alikuja mlangoni pa walimu na kufuli mkononi.

"Tuna watoto kumi na tisa wa kukalia mtihani wa darasa la nane," akasema. "Hamfundishi, hamteki maji." Akaenda akaifunga pampu.

Bila maji wangeondoka baada ya siku mbili, na shule tupu ingefunguliwa siku ya tatu. Kesho yake alfajiri Nasambu alishuka kwenye mto mkavu, na watahiniwa kumi na tisa wakamfuata. Akawafundisha sehemu na asilimia kwa kijiti, mchanga ukiwa ubao. Mghoi alizifuata nyayo zao akamkuta.

"Dada, unavunja mgomo," akamwambia.

"Kabati la chaki limefungwa?"

"Limefungwa."

"Madarasa?"

"Funguo ninazo."

"Chama kilisema tuweke chaki chini, Mghoi. Hakikusema tuwaweke watoto chini."

Mghoi alipaswa kumripoti kwenye tawi la chama, lakini alirudi nyumbani akabandika maharagwe. Jioni hiyo kufuli liliondolewa kisimani, na wazazi wale wale waliokuja kwa hasira wakawa ndio wanaowaletea maziwa.

Wiki ya tano, tawi liliita mkutano mjini. Mghoi, Tallam na Nasambu wakaenda, Mutinda akabaki kulinda shule. Afisa akamjia akiwa peke yake, na daftari la mahudhurio katika mkono mmoja na barua katika mkono wa pili. Ilikuwa barua ya uhamisho kwenda Makueni, kwao Mutinda, tayari imepigwa mhuri. "Tia sahihi ya leo tu kwenye daftari," afisa akasema. "Shule ihesabiwe kwamba imefunguliwa. Kesho uko kwenu." Mutinda aliisoma ile barua mpaka mwisho, akaisoma tena polepole kama anayesahihisha insha, akaikunja, akairudisha.

"Hapana."

"Una wazimu? Wenzako hawatajua."

"Watajua," Mutinda akasema. "Nalala chumba kimoja na Tallam, na mimi huongea usingizini."

Habari hii hakuileta Mutinda. Dereva wa afisa ndiye aliyeisimulia sokoni.

Siku ya arubaini na tatu, chama na mwajiri wakatia sahihi mapatano. Walimu wakaimba barabarani, kisha wakayasoma mapatano yenyewe. Yalisema kwamba kila shule iliyoshikilia mgomo bila kufunguliwa hata siku moja itapewa nafasi ya uhamisho. Nafasi moja. Yaliyobaki yatajadiliwa. Na wote walijua maana ya neno hilo, kwa kuwa walikuwa wamelisubiri kwa miaka kumi.

Fomu ilifika Jumatatu. Ilitaka jina moja, sababu za kumteua mwenye jina hilo, na sahihi ya mwakilishi wa chama. Chini kabisa iliandikwa kwamba mwenye kutia sahihi hawezi kuwa ndiye mwenye kuhamishwa. Isipofika tawini kufikia Ijumaa, nafasi itapewa shule nyingine.

Mghoi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Hakulia kwa ajili yake mwenyewe, au kama alilia, alifanya hivyo akiwa kisimani. Kilichomlemea ni hesabu nyingine. Atakayemteua ataondoka, atakaowaacha, atabaki nao. Shukrani itapanda lori iende zake, na kinyongo kitalala chini ya paa lake, kitakula sufuria moja naye, kitasubiri zamu yake ya kupika. Na asipomteua yeyote, atakuwa amewafunga wote watatu kwa mkono wake.

Jumanne walianza kugombana. Watu waliovumilia siku arubaini na tatu bila kutengana walitenganishwa na karatasi moja kwa asubuhi moja.

"Mimi sisemi kitu," Tallam alisema, na kila mtu akajua atasema. "Nauliza tu. Nani alifungwa?"

"Ulifungwa kwa sababu ya mdomo," Nasambu akamjibu. "Ungenyamaza, ungefungwa?"

"Ningenyamaza, wewe leo ungekuwa unawafagilia wale vijana wa kibarua madarasa! Na usinifanye niseme ya mtoni. Kama kila mmoja atachagua sehemu ya mgomo inayompendeza, huo si mgomo, ni matembezi. Sheria za chama zina jina la mtu aliyefanya ulichofanya."

"Litaje."

Tallam akakohoa badala ya kulitaja.

"Maji uliyokunywa jioni ile kufuli lilipoondolewa yalitoka wapi, kaka?" Nasambu akauliza. "Uliyanywa vikombe vitatu. Niliyahesabu. Sikukusikia ukiyaita maji ya msaliti."

"Na huyu?" Tallam akamgeukia Mutinda. "Yeye alifanya nini? Alikaa kwenye kiti akasema neno moja!"

"Kweli," Mutinda akasema. "Lakini mlilisema nyinyi?"

"Hatukuulizwa!"

"Basi."

Mghoi akajaribu kuwatuliza. Aliwaambia kwamba bila lango kusingekuwa na wiki ya tatu, bila mto kusingekuwa na wiki ya tano, na bila lile neno moja fomu hii isingewafikia. Kamba ina nyuzi tatu, akasema. Nani atasema ni uzi upi ulioinua ndoo?

"Maneno mazuri, Mwalimu," Tallam akasema. "Lakini fomu ina mstari mmoja."

Haja zao nazo hazikumsaidia. Mke wa Tallam alikuwa ameandika kwamba huu ni mwaka wa mwisho wa kumngoja. Mama yake Nasambu alikuwa anapoteza macho, na kila likizo alimtambua bintiye kwa sauti zaidi na kwa uso kidogo. Mutinda hakusema kwa nini anataka kwenda kwao. Mghoi alipomuuliza, alichukua ndoo akaenda kisimani, na Mghoi akajuta kuuliza. Haja ya mtu haipimwi kwa kibaba, na isiyosemwa huenda ndiyo nzito kuliko zote.

Jumatano asubuhi akaja Mama Akiru. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliketi kwenye kizingiti, akakataa chai.

"Nasikia mnagombania nani aondoke," akasema.

"Hatugombani, mama," Mghoi akasema. "Tunatafuta haki."

"Itafuteni. Lakini na mimi niulize. Mwalimu akifanya vibaya huku kwetu, mnamfanya nini?"

"Anaadhibiwa."

"Anaadhibiwa vipi? Wengi wenu mliletwa huku kwa adhabu, msifikiri hatujui. Na akifanya vizuri zawadi yake ni kutoka. Sisi tuliozaliwa hapa tukae tukijiona ni nani?" "Huyu Nasambu aliyekaa mchangani na mtoto wangu, mkimpa zawadi, mtoto wangu ananyang'anywa. Mkimnyima, mnamwonea. Mimi sijui chama. Najua kwamba mlipogoma mlisema ni kwa ajili ya watoto pia. Nilitaka tu kuona uso wa aliyesema hivyo."

Aliyesema hivyo alikuwa Mghoi, mbele ya wazazi wote, siku ya kwanza ya mgomo. Aliuinua uso wake ili uonekane. Mama Akiru akautazama, akachukua fimbo yake, akaenda. Hakuonekana kukasirika, na hilo lilimuuma Mghoi zaidi.

Alasiri Mghoi akaita kikao rasmi katika darasa la nane. Tallam akapendekeza kura ya mlolongo, kama ilivyo desturi ya tawi: wanaowania wasimame mbele, wapiga kura wapange foleni nyuma yao, na mwenye foleni ndefu ndiye mshindi. Wote wakakubali, maana hakuna aliyekuwa na njia nyingine. Tallam akasimama mbele ya ubao, Nasambu akasimama mbele ya ubao, Mutinda akasimama mbele ya ubao. Kisha wakageuka kuwatazama wapiga kura, na mpiga kura alikuwa Mghoi, peke yake, kati ya madawati matupu.

"Haya, panga foleni," Mutinda akasema.

Mghoi hakujua acheke au akimbie. "Hapana," akasema. "Leo nalikopa neno lako. Hakuna kujisimamia. Kila mmoja asimame nyuma ya mwenziwe."

Walisita. Tallam ndiye aliyeanza. Alitembea akasimama nyuma ya Mutinda. "Mimi nililetewa karatasi ya kutoka rumande," akasema. "Yeye aliletewa ya kutoka hapa, akiwa peke yake, hana hata wa kumpigia makofi. Sijui kama mimi ningeweza. Nimelifikiria kila siku tangu nisikie."

Mutinda akasogea, akasimama nyuma ya Nasambu. "Maji," akasema, na wote wakasubiri aongeze, naye akaongeza: "Mimi nilikataa kitu. Yeye alifanya kitu."

Nasambu alikuwa amebaki. Alimtazama Tallam aliyemwita msaliti bila kulitamka neno lenyewe, akazunguka, akasimama nyuma yake. "Nasikia kikohozi chako kila usiku kupitia ukutani," akasema. "Kikohozi hicho ni chetu sote, lakini kimekaa kifuani kwako."

Hapo ndipo walipoona walichokifanya. Tallam nyuma ya Mutinda, Mutinda nyuma ya Nasambu, Nasambu nyuma ya Tallam: walikuwa wamesimama duara katikati ya darasa kama watoto wa chekechea wanaocheza treni, mlolongo usio na kichwa wala mkia. Nasambu akaanza kucheka, Mutinda akafuata, na Tallam akacheka hadi akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu fomu ifike. Mghoi naye alicheka, kisha akajiuliza. Je, ule ulikuwa ukarimu wa watu watatu, au ni watu watatu werevu, kila mmoja akijua kwamba njia ya kutoshindwa ni kuhakikisha hakuna anayeshinda? Aliwatazama nyuso zao na hakuweza kujua. Labda wao wenyewe hawakujua.

"Bado ni wewe, Mwalimu," Tallam akasema alipopata pumzi.

Kikao kikaamua hivi, na Mghoi akayaandika katika kitabu cha kumbukumbu: kwamba Mghoi atajaza jina moja akiwa peke yake na kuifunga bahasha; kwamba hakuna atakayeuliza jina hilo hadi barua ya mwajiri irudi; na kwamba zamu za kupika zitaendelea kama zilivyokuwa. Wote wanne wakatia sahihi.

Alhamisi asubuhi aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa ubao wa chini. Nje, wale watatu walikuwa wakichambua maharagwe kwa umakini wa watu wasioyaona maharagwe. Aliwaza: nikimwandika Tallam, nitakuwa nimesema kwamba anayeumia hadharani ndiye anayehesabiwa. Nikimwandika Nasambu, chama kitaniuliza kwa nini nimemzawadia aliyekwenda kinyume na agizo, na Mama Akiru ataniuliza kwa nini nimemchukua. Nikimwandika Mutinda, afisa atacheka, aseme barua ni ile ile, angeichukua mapema. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hakuna iliyotosha. Mghoi akaandika jina. Akatia sahihi, akalamba gundi, akafunga.

Lori la mbuzi lilikuwa likiondoka kwenda mjini saa nne, na katika watu wa Mawe Mekundu aliyesafiri nalo siku hiyo alikuwa Mama Akiru peke yake, anapeleka mbuzi mnadani. Mghoi alimweleza kwamba ndani ya bahasha mna jina la mwalimu mmoja wa kuhamishwa, bila kulitaja. Alimweleza pia kwamba isipofika kesho, hakuna mwalimu atakayeondoka. Hakumficha hilo.

Mama Akiru aliipima bahasha kiganjani kana kwamba uzito wake ungemwambia kitu. "Ni nani?" nusura aulize, midomo yake ilifunguka, ikafungwa. Akaifunga katika pindo la shuka, mafundo mawili, akapanda juu kati ya mbuzi. Jioni ya siku ile ile ilikuwa mezani tawini, na katibu aliyeipokea alisema haikuwa na hata kunyanzi.

Jina lililokuwamo aliyeanzisha hadithi hii alilijua, na hakulitaja kamwe, maana kila alipojaribu kulitetea alijikuta anawashitaki wengine wawili. Basi niambieni nyinyi, na msijibu kwa pamoja. Tallam aliyelipa kwa kifua chake, Nasambu aliyeuvunja mgomo akauokoa, Mutinda aliyekataa peke yake kile kile ambacho wote walikitaka: fomu ni hiyo, mstari ni mmoja, na wawili utakaowaacha wanakungoja nje na chakula cha mchana. Je, wewe ungemwandika nani?